Hiace ya mizigo: anzia chini ya kiti

Toyota Hiace tuliyoizoea, isiyo na pua, ina jambo moja linalowaponza wengi: injini haiko mbele. Iko chini ya viti vya mbele, na huioni mpaka uondoe vitu, ufungue vibanio na uinue kiti. Mwenye gari dogo hufungua boneti kwa mkono mmoja huku anapiga mswaki. Mwenye Hiace anasema kesho. Wiki inapita, oili inashuka, maji yanapungua, na taa nyekundu inapowaka hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) imeshapinda. Kwa hiyo utunzaji wa gari hili uanzie hapo, chini ya kiti, kabla ya kuzungumzia tairi wala mafuta.

Dakika kumi za asubuhi

Gari likiwa limelala mahali tambarare na injini ni baridi, chungulia kwanza uvunguni. Tone jeusi ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni ya usukani wa pawa au ya giaboksi ya otomatiki. La kijani au la waridi ni kulanti, yaani maji ya rangi ya kupoza injini. Ukiona ubichi upande wa ndani wa gurudumu, hayo ni mafuta ya breki au ya ekseli, na safari isubiri fundi. Maji meupe yasiyo na harufu ni ya kiyoyozi, yaache.

Sasa inua kiti. Chomoa stiki ya oili, ifute, irudishe mpaka mwisho, kisha ichomoe tena ndipo usome. Oili ikae kati ya alama mbili. Kupitisha alama ya juu nako ni kosa: kranki inaichapa oili mpaka inakuwa povu, na povu halilainishi kitu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Usiwashe.

Kulanti itazame kwenye kopo lake, na mara moja kwa wiki fungua mfuniko wa rejeta wenyewe, injini ikiwa baridi kabisa. Kopo linaweza kuwa limejaa huku rejeta ina njaa, hasa mpira wa mfuniko ukichoka, kwa sababu mfuniko ndio unaoruhusu maji yarudi kutoka kwenye kopo. Juu yake pameandikwa namba, kama 0.9 au 1.1. Ndiyo kipimo cha mgandamizo. Ukinunua mwingine, namba iwe ileile. Mfuniko wa bei nafuu usio na namba ni chanzo cha joto ambacho mafundi hukihangaikia kwa kubadilisha pampu isiyo na kosa.

Usijaze maji ya bomba, na maji ya kisima cha pwani ndiyo mabaya zaidi. Kuanzia Mtwara hadi Mombasa visima vingi vina chumvi. Chumvi hiyo inakula alumini ya hedi na kuziba mirija ya rejeta kidogo kidogo. Nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Maji ya betri, si asidi ya betri. Chupa zake hufanana, soma kibandiko.

Joto

Hapa ndipo Hiace nyingi zinakufia, hasa dizeli za zamani za 2L na 3L (hayo ni majina ya injini, si lita), ambazo hedi zake zinajulikana kwa kupasuka zikipata moto.

Hiace nyingi zilizoagizwa kutoka Japani zina hita ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma, na maji ya moto huipata kwa mabomba ya chuma yanayopita uvunguni. Mabomba hayo huoza kwa kutu upande wa juu, usioonekana. Maji yanavuja barabarani na kukauka, kwa hiyo asubuhi hukuti tone lolote. Kama kulanti inapungua na huoni inakokwenda, pitisha mkono juu ya mabomba hayo gari likiwa limepoa. Katika nchi zetu za joto njia nyepesi ni fundi kuikata hita ya nyuma na kuunganisha mipira yake mbele, ili mzunguko wa maji ubaki bila kupita huko.

Kosa la pili ni la mafundi wa mitaani: kuondoa thamostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ili injini isichemke. Mshale unashuka kweli, mteja anafurahi. Lakini injini sasa inafanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, kompyuta inamwaga petroli ya ziada kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, na silinda zinalika. Thamostati mpya ni bei ndogo kuliko mafuta utakayopoteza kwa miezi michache. Gari likichemka likiwa na thamostati nzima, tafuta sababu: rejeta iliyoziba, feni isiyoshika, mkanda uliolegea, au pampu ya maji inayotokwa machozi kwenye tundu lake dogo.

Ukibadilisha kulanti, toa hewa. Weka hita kwenye moto wa mwisho, acha mfuniko wazi, washa injini, ongeza taratibu kila maji yanaposhuka mpaka mapovu yaishe. Kwa kuwa rejeta ya Hiace iko chini na mabomba ni marefu, hewa hujificha. Anayejaza na kufunga papo hapo hurudi kesho akilalamika.

Mshale ukipanda njiani: zima kiyoyozi, washa hita na feni yake kwa nguvu zote, toka barabarani. Kama bado una maji, acha injini ingurume bila kukanyaga mafuta dakika moja au mbili, mshale ukigoma kushuka zima. Kama maji yameisha, zima mara moja. Ngoja angalau dakika 45 kabla ya kugusa mfuniko. Na usimwagie maji baridi injini ya moto, chuma kinachopozwa ghafla hupasuka.

Oili, filta na mkanda wa taimingi

Kwa gari la mizigo la mjini, badilisha oili na filta yake kila kilomita 5,000. Dizeli za zamani huenda vizuri na oili ya unene wa 15W-40. Petroli ya 1TR fuata kitabu, kwa kawaida 5W-30 au 10W-30. Petroli za lita 2 huchukua kati ya lita 5 na 6, dizeli huzidi hapo, lakini usimwage kwa kukisia: weka lita 5, washa dakika moja, zima, ngoja tano, pima kwa stiki, malizia. Foleni haihesabiki kwenye kilomita ingawa oili inaendelea kuchoka, kwa hiyo wa Kariakoo abadilishe mapema kuliko wa barabara kuu.

Dizeli zote za familia ya 2L, 3L, 5L, 1KZ, 1KD na 2KD zina mkanda wa taimingi wa mpira, unaozifanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na unatafuta injini nyingine. Zile za zamani badilisha kila kilomita 100,000. Kama umenunua gari na huna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba umeisha. 1TR na 2TR za petroli hutumia mnyororo. Huo haubadilishwi kwa ratiba, ila oili chafu huulegeza, na utausikia ukichakacha sekunde chache kila unapowasha asubuhi.

Wenye dizeli wana kazi moja zaidi. Chini ya filta ya mafuta kuna kizibo: kifungue kila mwezi, kinga chombo, acha itoke mpaka uone dizeli safi, funga, kisha piga pampu ya mkono hadi iwe ngumu. Maji na nozeli za D-4D (dizeli mpya za Toyota, kama 1KD na 2KD) haviivi chungu kimoja. Mafuta ya taa nayo ni vilevile. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu, mafuta ya taa hayana ulaini huo, na kinachookolewa kwenye lita hulipwa kwenye pampu.

Mzigo

Kadi ya gari huonyesha uzito wa gari tupu na uzito wa juu linaoruhusiwa kufika. Toa cha kwanza kwenye cha pili, kisha toa uzito wa watu. Tuseme ni kilo 1,750 na 2,900: unabaki na 1,150. Dereva na utingo wake ni 150. Imebaki tani moja, yaani mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, au madumu 50 ya lita 20 za maji. Nafasi iliyobaki juu ya saruji haina maana yoyote, Hiace hujaa kwa uzito kabla haijajaa kwa macho.

Mzigo mzito uwe sakafuni, karibu na viti, mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiurundika mlangoni, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli na taa zinawamulika wenzako machoni. Funga kwa kamba kwenye pete za sakafu. Ukifunga breki ghafla kila kitu kinaendelea mbele, na mbele kuna kichogo chako. Usiendeshe mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa sababu ya mbao ndefu: upepo unavuta moshi wa ekzosi kuuingiza ndani, na moshi huo unaua bila harufu kali ya kukuonya.

Kuna jambo ambalo hata madereva wazoefu hawalijui. Hiace nyingi zisizo na ABS (mfumo wa kompyuta unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki) zina kidhibiti cha breki kilichofungwa kwa fimbo kwenye ekseli ya nyuma. Gari likishuka kwa mzigo, fimbo inakiambia kidhibiti kizipe breki za nyuma nguvu zaidi. Ukiongeza majani ya springi ili gari lisilale, bodi haishuki tena, na kidhibiti kinaamini gari ni tupu. Una tani moja mgongoni na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari lisilo na kitu. Ukiongeza springi, lipeleke gari kwa fundi anayejua kuirekebisha fimbo hiyo. Bora zaidi, usiongeze.

Breki na mteremko

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Iliyokwisha kunyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Ikichemka inatoa mvuke, na pedali inazama hadi sakafuni. Badilisha yote kila miaka miwili, hata kama yanaonekana safi.

Ukitoka Iringa na kushuka Kitonga ukiwa na mzigo, ingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, iache injini ilishikilie gari, na breki uzikanyage kwa vipindi. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni hasara mara mbili: injini za sasa hukata mafuta kabisa gari likiwa kwenye gia na mguu wako hauko kwenye pedali, lakini kwenye nyutro zinaendelea kunywa ili zisizime.

Tairi

Tairi iwe na herufi C, kama 195R15C. Namba 106/104 inayofuata ina maana tairi moja hubeba kilo 950. Tairi ya gari dogo ya kipimo kinachokaribiana haifikii hapo, italipuka ubavuni. Kibandiko cha upepo kiko kwenye mhimili wa mlango wa dereva, na kwa magari ya Japani kimeandikwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi, mfano 300 ni kama 43. Pima tairi zikiwa baridi. Mchana wa jua utakuta zimepanda, usizipunguze.

Mafuta na hesabu

Jaza tenki mpaka pistoli ikatike, andika kilomita, fanya kazi zako, kisha jaza tena pampu ileile. Kilomita 378 kwa lita 42 ni 9 kwa lita. Namba ya gari jingine haikuhusu, ya kwako ikishuka ghafla ndiyo habari: filta ya hewa imejaa vumbi, breki inashika, upepo umepungua, au dereva anajaza kidumu chake.

Ukikimbia 100 badala ya 80, upinzani wa upepo unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na Hiace ina uso wa ukuta. Ondoa keria kama hulitumii.

Tenga pesa kwa kilomita. Tuseme tairi nne ni shilingi 1,000,000 na zinakwenda kilomita 40,000: hiyo ni shilingi 25 kila kilomita. Oili na filta 120,000 kwa 5,000 ni 24. Ongeza breki, mkanda, betri, ndipo umtajie mteja nauli ya mzigo.

Tairi ya akiba inaning'inia uvunguni nyuma, kwa mnyororo unaoshushwa kwa mpini. Ishushe kila miezi mitatu, pima upepo wake, paka grisi mnyororo. Kutu ikishika, utaiona tairi vizuri kabisa usiku pale Chalinze, na hutaweza kuitoa.