Jinsi ya kukutana na shujaa wako kwa mkutano wa Wayahudi Nairobi bila kujiaibisha

Mara ya kwanza nilijiaibisha, wacha nianzie hapo. Kuna mama mmoja mwanahistoria, Myahudi, nimefuatilia hotuba zake tangu nikiwa kampasi. Kazi yake ni kukusanya ushuhuda wa watu walionusurika Maangamizi, yale mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler, na kuonyesha vile chuki dhidi ya Wayahudi huwa inaanza na maneno tu, utani utani hivi. Alipokuja Nairobi nikangoja karibu masaa mawili nimfikie, nikafika, nikafungua mdomo na hakuna kitu kilitoka, nikaishia kusema "selfi?" na simu nayo ikaniambia memori imejaa. Basi, hivyo ndivyo ilienda. Mara ya pili nilijipanga, na vile nilijipanga ndiyo hii.

Mikutano yenyewe haitangazwi kwa mabango. Jamii ya Wayahudi hapa ni ndogo lakini ni ya zamani, sinagogi lao liko pale University Way karibu na Uhuru Highway, umepita hapo na matatu mara mia na hukujua. Halafu kuna tarehe 27 Januari, siku kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz ilikombolewa mwaka 1945, Umoja wa Mataifa waliitenga kuwa siku ya kukumbuka Maangamizi, na hapa kwetu ofisi zao za Gigiri zimekuwa zikiiadhimisha. Ukisikia kuna mkutano, andika kuomba nafasi mapema, na utumie jina lililo kwa kitambulisho, si lile la Instagram, juu getini wanalinganisha moja kwa moja.

Na soja wakikupekua bagi mara mbili na kukuuliza nani alikualika, usinune. Hoteli ya Norfolk, iliyokuwa ya familia ya Kiyahudi ya kina Block, haiko mbali na hilo sinagogi, na ililipuliwa usiku wa kufunga mwaka 1980. Mwaka 2002 ikawa ile hoteli ya Waisraeli huko Kikambala, Pwani. Hawa watu wana sababu. Jibu vizuri, toa kitambulisho, na usipige picha ya geti ukionyesha marafiki umefika.

Ijumaa jioni usipange kitu. Sabato yao inaingia jua likitua na inaisha Jumamosi usiku, na sisi tuko karibu na Ikweta kwa hivyo mwaka mzima ni kama saa kumi na mbili na nusu jioni, dakika chache juu ama chini. Anayeishika hagusi simu, hapigwi picha, hapandi gari. Ukialikwa sinagogini siku hiyo nenda, lakini simu izime kabisa, na kama wewe ni mwanaume utapewa kakofia kadogo mlangoni, vaa tu. Salamu ni "Shabbat shalom". Siku zingine "shalom" yatosha. Mkono usiutangulize kwa mtu wa jinsia nyingine, kuna wenye dini sana hawashikani, ngoja yeye atoe kwanza, asipotoa inamisha kichwa kidogo na uendelee na story yako. Na tafadhali usibebe zawadi ya chakula, najua tumelelewa kwamba huendi kwa watu mkono mtupu lakini sheria zao za chakula ni ndefu, na ile keki ya mathe wako itabaki hapo mezani ikiangaliwa.

Sasa kitu kikubwa, utasema nini. Una kama dakika moja, pengine chini ya hapo. Wakenya wengi tumewajua Wayahudi kupitia Biblia, kwa hivyo mtu akikutana na mmoja anaanza kumuita taifa teule na kuomba aombewe, nimeona hiyo kwa macho yangu na yule mzee alikosa pa kutazama. Wengine wanamrukia na maswali ya serikali ya Israeli kana kwamba yeye ndiye waziri. Si ati siasa ni mwiko, mwenyewe akiigusa kwa hotuba uliza, lakini huyu ni mtu na ana kazi yake, uliza kazi yake. Na usimwambie "nakupenda sana" halafu unyamaze, hiyo anaambiwa kila siku.

Mpelekee kitu ambacho ni wewe tu unaweza kumletea. Mimi ni wa Eldoret. Mwaka 1903 Waingereza walimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao, wazo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakikimbia mauaji huko Urusi ardhi kwenye uwanda wa Uasin Gishu, ikaitwa Mpango wa Uganda ingawa ni huku kwetu, Wazayuni wakatuma watu watatu kuja kuangalia, na mwaka 1905 kongamano lao huko Basel likakataa. Wakati huo wote wenyeji hakuna aliyewauliza. Kwa hivyo mara ya pili nilimwambia, "Mimi natoka ile ardhi mlikaribia kupewa, kwetu hiyo hadithi hatuambiwi, nyinyi huwa mnaisimulia aje?" Manze alisimama. Aliweka kikombe chini kabisa, akaniuliza kwetu ni wapi hasa na babu yangu alikuwa anakaa wapi miaka hiyo, tukaongea hadi mtu wa protokali akaanza kukohoa kohoa.

Kumfikia pia kuna akili yake. Usikimbilie mbele hotuba ikiisha, hapo kuna mabalozi na wenye kadi. Fika mapema usaidie kupanga viti, waandaaji watakukumbuka sura, na mmoja wao ndiye aliniambia simama karibu na meza ya chai atapitia hapo. Akiwa na chakula mdomoni mwache ameze. Picha iombe mwisho, ukishaongea, na futa zile video za status usiku kabla hujatoka nyumbani.

Ukipata barua pepe yake andika kesho yake, mistari mitano, umkumbushe wewe ni nani kwa ile story yenu na si kwa rangi ya shati. Wangu alijibu baada ya wiki tatu, mstari mmoja tu, akitaka kujua huko Uasin Gishu siku hizi kunalimwa nini. Nikamwandikia mahindi na ngano, na bei ya gunia nikaongeza.