Kabla ya Kutoa Kibali cha Shughuli Mpya Baharini

Mwombaji wa vizimba vya samaki, shamba la mwani au mitambo ya upepo huleta ramani yenye mstatili katikati ya maji meupe. Usiuamini weupe huo.

Kwanza jua uko kwenye maji ya nani. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, maji ya kitaifa huishia maili 12 za baharini kutoka mstari wa msingi (kwa kawaida ukingo wa pwani maji yakipwa), na ukanda wa kiuchumi maili 200. Maili moja ni mita 1,852. Bandari, uvuvi na mazingira kwa kawaida vina mamlaka tofauti, kwa hiyo zikutanishe kabla ombi halijapokelewa.

Kisha chora watumiaji waliopo. Data za AIS, chombo cha redio kinachotangaza meli ilipo, zitakupotosha zikiwa pekee: chombo hicho ni lazima kwa meli za abiria na meli za tani 300 au zaidi zinazosafiri kimataifa, lakini mashua ndogo nyingi hazina. Beba ramani iliyochapishwa na penseli, uende wanakoshusha samaki. Uliza kila mvuvi anatega wapi, miezi gani, wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) au maji mafu, na hupita wapi bahari ikichafuka. Waulize mmoja mmoja. Kwenye mkutano wa hadhara hakuna mvuvi atakayetaja mwamba wake mbele ya wenzake. Ukichapisha matokeo, tumia miraba ya kilomita moja ili siri hizo zibaki zao.

Sasa pima eneo halisi. Waombaji wengi hutaja kinachoelea tu. Chukua vizimba vya mita 100 kwa 50, kina cha mita 20, kamba za nanga zikienea mara tatu ya kina: ongeza mita 60 kila upande. Nusu hekta ya juu inakuwa mita 220 kwa 170 chini, yaani hekta 3.74. Humo hakuna wa kukokota nyavu, na kibali kiseme hivyo.

Viwianishi, yaani namba za latitudo na longitudo, navyo huleta balaa. Andika mfumo wake, kwa kawaida WGS 84 unaotumiwa na GPS, na namna ya kuandika. Nyuzi 5 na dakika 30 za latitudo ni 5.5, karani akiandika 5.30, shamba limehama maili 12, karibu kilomita 22.

Mikondo ipimwe siku 30 mfululizo, kwa sababu mzunguko wa mwezi ni kama siku 29.5 na kipimo cha wiki moja kinaweza kukosa bamvua kabisa. Sampuli za tope la chini zichukuliwe kabla ya ujenzi, mahali pa mradi na mahali pengine panapofanana ambapo uchafu wake haufiki. Bila hizo, malalamiko ya baadaye hayatakuwa na cha kulinganishwa nacho.

Masharti yasiwe mengi, ila yawe na meno: muda wa kuanza kazi, la sivyo kibali kinafutika, maana wapo wanaoshika eneo ili waliuze, kiwango cha uchafuzi kinacholazimisha kupunguza samaki, na dhamana ya benki ya kuondolea kila kitu, nanga pamoja. Dhamana hiyo ikokotolewe kwa bei ya mkandarasi wa kukodi, si kwa gharama za mwombaji mwenye vyombo vyake, na ipitiwe upya kila miaka 5.