Ukionewa kazini na huku unaumwa akili, anza na daftari

Hii ni kwa yule anayemeza dawa za sonona (huzuni nzito isiyoisha) au baipola (hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi) kimyakimya halafu kazini kuna mtu anamfanyia visa. Shida ni kwamba ukisema umeonewa utasikia "ni ule ugonjwa wake", na mbaya zaidi wewe mwenyewe unaanza kujiuliza hivi kweli nimeonewa au ni kichwa changu tu? Mimi nilikaa na hilo swali miezi mpaka nikawa siongei kabisa.

Sasa tafuta daftari, liwe lako na likae nyumbani, usiandikie kwenye kompyuta ya ofisi maana siku wakikufungia akaunti ndio basi tena. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kilichotokea tu: tarehe, saa, nani alikuwepo, na maneno yenyewe kama yalivyotoka mdomoni. Kulia mwaga ya moyoni. Kushoto kwangu kuna hii: "Jumanne saa 3:10 asubuhi, kikaoni, supavaiza kasema huyu msimpe wateja leo, sijui kaamkaje. Tulikuwa watu 5." Kulia: "Najiona takataka, naacha kazi leo." Ya kulia ukiisoma baada ya siku tatu inaweza kukushangaza, ya kushoto iko vilevile, na ndio utakayoipeleka mbele. Andika siku hiyohiyo, sonona inavuruga kumbukumbu.

Kisha angalia, na wenzako wanafanyiwa hivyo? Bosi akiwa mkali kwa wote huyo ni mkali tu, Mungu amsaidie. Ila kama ulianza kukatwa shifti na kurukwa kwenye mafunzo tangu walipojua unaumwa, hapo kuna neno.

Kuhusu kusema au kutosema, ukishasema huwezi kurudisha mdomoni, kwa hiyo usikurupuke. Mara nyingi unaweza kuomba unafuu bila kutaja jina la ugonjwa, unasema tu "natumia dawa ya usiku, asubuhi naamka mzito, naomba nichelewe kuingia kwa saa moja na nichelewe kutoka kwa saa moja", unaambatanisha cheti cha daktari. Sio kwamba unaomba hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa 2006, unagusa pia maradhi ya akili ya muda mrefu, na kumnyima mtu marekebisho ya kazi yanayowezekana unasema ni ubaguzi. Nchi nyingi zimeuridhia, ila muulize mtu wa chama cha wafanyakazi sheria ya kwenu inasemaje na una siku ngapi za kulalamika, maana hizo siku huwa zinahesabika na zikipita zimepita.

Mkiongea kwa mdomo tu, ukitoka tuma imeli fupi: "Nilivyoelewa leo tumekubaliana hivi na hivi." Wakikaa kimya sawa, wewe umeshaweka alama.

Dawa usiziache ghafla eti uonekane mzima. Na yakianza kuja mawazo ya kujidhuru, hayo mambo ya bosi weka pembeni kwanza, mwambie mtu leo hii akupeleke hospitali.

Barua ya kuacha kazi iandike kama inakupunguzia, ila usiitume siku uliyoiandika. Mimi niliandika mbili, zote bado ziko nyuma ya daftari.