Ndugu yako anaenda Arabuni? Fanyeni haya kabla hajapanda basi Nyegezi

Saivi Mwanza hii, iwe Igoma, Mabatini au Kirumba, hukosi mtu ambaye dada yake au binti yake yuko Omani, Saudia au Dubai anafanya kazi za ndani, na wengi wanaondoka kimya kimya maana ajenti kawaambia wasimwambie mtu. Mi hapo ndo naona hatari. Akipata shida huko, wa kumpigania ni huyu aliyebaki nyumbani, sasa atampiganiaje kama alichoachiwa ni namba moja tu ya ajenti na kesho haipatikani?

Anzeni na ajenti mwenyewe. Kibali chake msikiangalie kwenye simu yake tu, ulizeni TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama wanamtambua. Akisema utaenda na viza ya matembezi afu mtabadilisha huko huko, achaneni nae, viza hiyo haikuruhusu kufanya kazi na siku ukidhulumiwa unaogopa hata kwenda polisi.

Mkataba usomwe nyumbani mkiwa mmetulia, sio eapoti. Kama ni wa Kiarabu mtafuteni anayekijua vizuri. Na ulizeni mshahara ni riali ya nchi gani!! Riali moja ya Omani ni karibu mara kumi ya riali ya Saudia, mtu akitajiwa mia tatu anaweza kupiga hesabu ya utajiri kumbe ni hela ndogo. Sheria zipo, ya Emirates (nchi yenye Dubai) ya mwaka 2022 inampa dada wa kazi siku moja ya kupumzika kila wiki na inamkataza mwajiri kushika paspoti yake, ya Qatar ya 2017 inataja kazi isizidi masaa 10 kwa siku. Ila Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, walipowahoji wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi Omani na Emirates, ripoti ikatoka 2017, karibu wote walisema paspoti zao zilichukuliwa. Kwa io toeni kopi: paspoti, viza, mkataba, tiketi, jina na simu ya mwajiri, namba ya ubalozi wetu wa nchi anayoenda (tunazo balozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi na Doha). Kama anayebaki ni bibi yuko Ukerewe na ana kitochi, picha za WhatsApp hazimsaidii, nendeni steshenari mziprinti, ziingie kwenye nailoni, afungie sandukuni pamoja na vitenge vyake.

Kubalianeni pia neno la siri, maana wengine wanapiga simu madam kasimama pembeni. Mfano akiuliza "mama, furu bado wanapatikana?" mjue kuna tatizo, mjibu kawaida tu afu mkikata simu muanze kuhangaika.

Sasa watoto, na hapa naomba msiharakishe. Andikeni barua kwa mtendaji wa mtaa inayosema mtoto anaishi na nani na nani atasaini shuleni na hospitali, cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki viachwe kwa huyo huyo. Hela itumwe kwa anayelea. Inauma sana mama anatuma kila mwezi, hela inaishia kwa mtu mwingine, mtoto anashinda mwaloni anaanua dagaa za watu apate ya daftari. Baba akiwepo wajibu wake haujaisha kwa sababu mama kasafiri, Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana, akikwepa nendeni ustawi wa jamii. Mtoto akinyanyaswa pigeni 116, ni bure. Na jamani mtoto aambiwe ukweli mama anaenda wapi, msimtoroke usiku akiwa amelala.

Neno la siri likija, msigombane na ajenti kwenye simu, atafuta kila kitu. Pigeni skrinishoti za meseji zake na miamala, andikeni tarehe, nendeni polisi dawati la jinsia na kopi zenu, siku hiyo hiyo pigeni ubalozini. Mkiambiwa "si alikubali mwenyewe", tajeni Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, mtu akidanganywa ile kukubali kwake haimwokoi aliyemdanganya. Mkikwama, hapa hapa Mwanza kuna WoteSawa wanaosaidia wafanyakazi wa nyumbani, na Kivulini kwa haki za wanawake. Ajenti akidai hela ya kumrudisha, msitume hata mia kabla hamjaongea na ubalozi.