Somo: Alama ya UKCA au CE kabla hujapeleka bidhaa Uingereza

Kosa ninalokutana nalo kila mara ni hili: mtu anachapisha stika kwanza, sheria anaiuliza baadaye. Alama hizi (UKCA ni ya Uingereza, CE ni ya Umoja wa Ulaya) huja mwisho. Si tuzo ya ubora. Ni wewe mtengenezaji unayetamka kwamba bidhaa yako imetimiza sheria, na mambo yakiharibika unatafutwa wewe.

Hatua ya 1: Jua kama bidhaa yako inahusika. Midoli, vifaa vya umeme, mashine, kofia ngumu za kazini na majiko ya gesi vinahusika. Chakula na fanicha havimo. Na usiibandike "kwa tahadhari" kwenye bidhaa isiyohusika. Hilo nalo ni kosa.

Hatua ya 2: Chagua alama. UKCA ilianza tarehe 1 Januari 2021, baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kwa soko la England, Wales na Scotland. CE ilitakiwa ikome huko. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka mwaka 2023 serikali ikatangaza kwamba kwa makundi mengi ya bidhaa itaendelea kukubalika bila kikomo. Kama una wateja Ulaya pia, mimi ningeweka CE tu. Vifaa tiba na vya ujenzi vina utaratibu wao.

Hatua ya 3: Pima. Hapa ndipo pesa inapokwenda. Chukua mwanasesere wa kitambaa mwenye macho ya vifungo, wa mtoto wa chini ya miaka 3. Kwa EN 71, kiwango cha Ulaya cha usalama wa midoli, jicho lenye upana unaozidi milimita 6 huvutwa kwa nguvu ya nyutoni 90, karibu sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 9. Likichomoka, linawekwa kwenye kikopo cha kipenyo cha milimita 31.7, kinachowakilisha koo la mtoto. Likizama lote, umefeli. Ndiyo maana wajanja hutarizi macho kwa uzi.

Hatua ya 4: Andaa faili la kiufundi (michoro, malighafi, ripoti za vipimo) na tamko la ulinganifu (karatasi unayotamka kwamba bidhaa imetimiza sheria) lenye sahihi yako. Vitunze miaka 10.

Hatua ya 5: Sasa weka alama. Kimo kisipungue milimita 5, isomeke, isifutike kirahisi. Weka pia jina na anwani yako, na za anayeingiza mzigo.

Maswali

– Mkuu, kiwanda cha China kimenitumia cheti cha CE. Natosheka nacho?
Fungua ripoti ya vipimo yenyewe, mkuu. Namba ya modeli ilingane na ya mzigo wako. Nimeshaona cheti cha taa kikisindikiza chaja. Na ukiuza kwa jina lako, sheria inakuhesabu wewe ndiye mtengenezaji.

– Naweza kuweka zote mbili?
Ndiyo, mradi bidhaa imetimiza masharti ya kila upande na alama moja haiifichi nyingine.

– Samahani mwalimu, wateja wangu wako Belfast. UKCA inafika huko?
Peke yake, hapana dada. Ireland ya Kaskazini inataka CE. Ukipimiwa na taasisi ya Uingereza pale ambapo sheria inalazimisha taasisi huru, unaongeza UKNI, alama ya Ireland ya Kaskazini, kando ya CE. UKNI haisimami peke yake.