Kanopi ya pikapu inayokwenda Kigoma au Tabora

Uko Uingereza au Dubai, na pikapu itaishia Kasulu, Urambo au Sikonge. Usinunue kanopi, yaani paa la kufunika sehemu ya mizigo, kwa kuangalia picha. Chukua futikamba upime bodi, hiyo sehemu ya mizigo: urefu wa ndani hadi mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, kisha upana wa ukingo kwa ukingo, mbele na nyuma. Hilux ya milango minne ina bodi ya mita 1.5 hivi, ya kabini moja hufika 2.3. Hata Hilux kwa Hilux hazilingani: kanopi ya Vigo, toleo la kabla, haikai sawa kwenye Revo, toleo lililoanza 2015. Muuzaji akikwambia "itaingia tu", mwache.

Huku adui mkubwa ni vumbi kuliko mvua. Gari likikimbia, nyuma yake hewa hupungua mgandamizo, na vumbi linalotimuliwa na matairi hunyonywa ndani kupitia mianya ya mlango wa nyuma, hasa chini kwenye bawaba. Watu huilaumu kanopi, kumbe kosa ni la mlango wa gari. Ziba mianya hiyo kwa mpira, kisha tafuta kanopi yenye tundu la hewa mbele ya paa, linalofunguka na kufungwa. Likiwa wazi, upepo huingia kwa nguvu na kulisukuma vumbi nje. Madirisha ya pembeni yabaki yamefungwa.

Faibaglasi haishiki kutu, lakini ikipasuka inataka fundi anayeijua. Ya chuma hutengenezwa na mchomeleaji yeyote, ila ni nzito, na kila kilo yake unaitoa kwenye mzigo. Kapeti ya ndani ikatae kama utabeba dagaa au mawese, harufu haitoki. Rangi iwe nyeupe: haichemki juani, na bluu au nyeusi huvuta mbung'o kwenye mapori ya miombo.

Wakati wa kufunga, safisha ukingo kwa spiriti kabla ya kubandika mpira unaokaa chini ya kanopi, na usiuvute. Ukivutwa hurudi nyuma baadaye na kuacha pengo kwenye kona. Plastiki ya bodi inayopanda juu ya ukingo ikatwe pale klampi, vibanio vya kuishikia kanopi, zinaposhika, la sivyo zitateleza. Kaza klampi zote kidogo kidogo kwa kupishanisha pande. Baada ya siku chache mpira hulala na klampi hulegea, kwa hiyo zikazwe tena kabla gari halijaingia barabara ya vumbi.