Kabla hujamfunga mgonjwa waya, muulize nyumbani anataka kufanya nini

Wenzangu wa fizio (tiba ya viungo) mlioko Mtwara na Lindi, mashine ya tiba, iwe ya umeme au roboti, ikishafika idarani kila mtu anataka iguswe, na ndugu wa mgonjwa nao wanaiulizia, lakini we anza na mgonjwa. Muulize anataka arudi kufanya nini. Bibi mmoja wa Mikindani, kiharusi kilimpiga mkono wa kulia, aliniambia anataka kukaa kwenye mbuzi akune nazi mwenyewe, basi. Hapo ushapata pa kuanzia.

Sasa angalia mkono wenyewe. Mpe kifuu ashike, kiwiko kinanyooka? Kiganja kinainuka au kimelala tu? Kama vidole vinafunga na kufungua hata kidogo, kazi yenyewe ndo dawa, arudie mara nyingi sana kila siku, mashine ya nini. Kiganja kikigoma kuinuka ndo unaleta ile mashine ya umeme ya kushtua misuli, unabandika pedi nyuma ya mkono chini ya kiwiko, na kila umeme ukija yeye mwenyewe akazane kuinua, asikae anaangalia tu mkono unavyoruka maana hapo faida inapungua sana.

Usalama usiuruke hata foleni iwe mpaka nje. Mwenye betri ya moyo humuweki umeme, mjamzito usimbandike tumboni wala kiunoni, usibandike kwenye kidonda au penye saratani, mwenye kifafa ongea na daktari kwanza. Halafu pima hisia, afumbe macho, mguse na pamba kisha kijiti chenye ncha, kama hatofautishi anaweza kuungua na asijue. Kwa wagonjwa wenye kisukari hapa muwe makini mno jamani.

Yale maroboti ya kutembeza watu kama Lokomat ya Uswisi, faida inaonekana zaidi kwa ambao bado hawatembei wenyewe ndani ya miezi 3 ya mwanzo ya kiharusi, tena ikiunganishwa na mazoezi ya kawaida, kwa hiyo hata ukiwa huna usijione huna la kumsaidia mgonjwa.

Kingine ni nyumbani kwake. Anayetoka Newala hawezi kuja mara 3 kwa wiki, nauli anaitoa wapi, na msimu wa korosho wa kumsindikiza wote wako shambani. Huyo mpe kioo, akiweke katikati ya mikono, achezeshe ule mzima huku anatazama kiooni, aone kama vile ule mgonjwa ndo unacheza, mjukuu arekodi kwa simu akutumie WhatsApp umrekebishe.

Ukiamua mashine, pima kabla. Sekunde ngapi kutembea mita 10, au kifuu anakishika mara ngapi kwa dakika, andika kwenye faili. Wiki 2 au 3 pima tena, namba ikiwa ile ile itoe hiyo mashine, mwambie ukweli yeye na ndugu zake, mbadilishe zoezi siku hiyo hiyo.